Bert Williams tunamwonea

Kuna kipande kwenye filamu ya 1916, A Natural Born Gambler, mi nimekirudia kwenye simu sijui mara ngapi, bando limeishia humo. Jamaa, anaigizwa na Bert Williams, mchekeshaji mweusi wa Marekani wa enzi hizo, kakamatwa kwa kamari, yuko selo peke yake, basi anakaa chini anaanza kucheza poka na watu ambao hawapo. Anachanganya karata zisizokuwepo, anawagawia, anachungulia za kwake kidogo kidogo kama tunavyofanyaga mkono ukiwa mzuri, uso unachangamka, anaweka dau, halafu yule asiyekuwepo anafunua zake na sura ya jamaa inadondoka taratibuuu. Yaani hata mchezo wa kichwani mwake mwenyewe kaliwa! Filamu haina sauti na wala huikumbuki hiyo sauti.

Sasa ukimtaja Bert Williams kwa wapenzi wa filamu za zamani jibu ni lile lile, aah yule aliyekuwa anajipaka masizi, stori imeishia hapo. Ni kweli alijipaka. Mtu mweusi kwa asili, mzaliwa wa Nassau, Bahamas, 1874, ila kwa kuwa ni maji ya kunde inabidi apakwe masizi ya kizibo kilichochomwa ili afanane na mweusi waliyemzoea wazungu jukwaani. Inakera, sitetei. Lakini angalia alikoanzia: San Francisco, 1894, kwenye maonyesho makubwa ya mji, watu wa Dahomey (ndo Benin ya leo) walioagizwa waje kuonyeshwa wamechelewa, wakachukuliwa vijana weusi wa palepale wajifanye Waafrika, yeye na mwenzie George Walker wakiwemo. Miaka 9 baadaye hao hao wawili wako Broadway, kwenye majumba makubwa ya maigizo ya New York, na mchezo wao, unaitwa In Dahomey, wakaupeleka London mpaka Buckingham Palace. Hiyo mi naiita kulipa deni na riba juu.

1910 akaingia Ziegfeld Follies, onyesho kubwa la nyimbo na vichekesho la Broadway, mweusi peke yake kati ya mastaa wazungu, na inasimuliwa baadhi yao walitishia kugoma, bosi Ziegfeld akawaambia naweza kupata mbadala wa kila mmoja wenu ila huyu hapana. Wakanywea.

Kinachoniuma ni 1913. Kampuni ya filamu ya Biograph ilimrekodi kwenye filamu New York na waigizaji weusi kibao, masizi kapaka yeye tu, wengine wako na sura zao, wamevaa wakapendeza, yeye na mpenzi wake wanapanda wale farasi wa mbao wanaozunguka, wanacheka, na kuna busu pia, busu la kweli la watu wanaopendana, si la kukejeliwa. Filamu haikutoka. Mikanda ikaja kuchukuliwa na makumbusho ya MoMA 1939, na watu wa kawaida wakaja kuiona 2014, miaka 101 baadaye jamani. Nyie mnaosema alikubali kudhalilishwa, hicho kipande mmekiona lini?

Februari 1922 alipanda jukwaani Detroit akiwa na nimonia, akaanguka, na inasemekana watu walicheka wakidhani ndo kichekesho chenyewe. Alifariki tarehe 4 Machi, ana miaka 47.