Kabla ya serumu, vitamini B1

Katuba au Kenya, mitaa ya Lubumbashi, mtu aliyekunywa lutuku (pombe kali ya kienyeji) miaka mingi akianza kuyumba hata asubuhi ambayo hajaonja kitu, ndugu husema amelogwa. Hupelekwa kwenye maombi, afunge siku tatu. Mimi naona kufunga huko ndiko kunakommaliza, maana ubongo wake una njaa tayari.

Njaa hiyo ni ya vitamini B1. Mwili hutunza kama miligramu 30 tu, akiba ya wiki mbili au tatu. Pombe huzuia utumbo kuifyonza, na mnywaji mwenyewe hula kidogo: bukari (ugali) ya unga mweupe basi, na B1 ya mahindi ilishabaki kwenye pumba. (Maharage na karanga zinayo, lakini nani anakula maharage pembeni ya chupa?) Bila B1, seli za ubongo hazitumii sukari vizuri. Zinakufa, hasa zile za kumbukumbu na za kuongoza macho na miguu.

Angalia macho: yanachezacheza, au anaona vitu viwiliviwili. Angalia mwendo: anatanua miguu asianguke. Kisha kuchanganyikiwa. Usingoje vyote vitatu, wengi hawavionyeshi kwa pamoja. Daktari Mjerumani Carl Wernicke alieleza hali hii mwaka 1881. Ikiachwa hivyo, hufuata ile iliyopewa jina la daktari Mrusi, Korsakoff: anakuuliza swali lilelile mara nne ndani ya saa moja, kisha anakusimulia safari ya Kolwezi ambayo hakwenda. Hadanganyi, ubongo unajijazia pengo.

Sasa kituo cha afya. Familia inadai serumu (maji ya dripu), mgonjwa anatundikiwa ya sukari peke yake. Sukari hiyo inamaliza B1 kidogo iliyobaki, na hali inaweza kuharibika zaidi. Sindano ya B1 itangulie, au ziende pamoja kama sukari ya damu imeshuka, kwa sababu hapo hakuna kungoja. Mwenye dalili hupewa miligramu 200 hadi 500 mshipani, mara tatu kwa siku, siku kadhaa. Vidonge havitoshi: utumbo uleule uliokataa chakula utavikataa navyo.

Wanaomfungia mtu chumbani ili aache ghafla nao wanacheza na kifo. Kwa anayekunywa kila siku, degedege linaweza kuja masaa 6 hadi 48 baada ya kinywaji cha mwisho. Siku ya pili hadi ya nne huja jasho, homa, moyo mbio, kuona wadudu ukutani. Mikono ikianza kutetemeka, hospitali. Huko daktari humpa diazepamu, dawa ya kutuliza, na kuipunguza polepole.

Akitibiwa mapema, macho hupona ndani ya siku chache. Miguu huchukua wiki, pengine miezi. Kumbukumbu mara nyingi hairudi yote.