Mhasibu mmoja, wabunge sita

Jirani yangu hapa Silver Spring, karibu na Washington, Marekani, ni mhasibu wa wabunge sita. Ana ofisi sita, na kila moja inamlipa kipande chake cha mshahara. Asubuhi yuko jengo la ofisi za wabunge la Cannon, mchana yuko lile la Rayburn, anakatiza kwa njia za chini ya ardhi na kompyuta kwapani.

Baraza la Wawakilishi la Marekani linaruhusu hilo. Mbunge anaajiri watu wasiozidi 18 wa kudumu, na juu yao 4 wa makundi mengine, wakiwemo wa muda na hawa wanaogawanwa. Sharti kubwa ni kwamba malipo yalingane na kazi aliyoifanya mtu katika ofisi ile ile inayomlipa. Kumwekea rafiki yako mbunge mtu wa kumfanyia kazi kwa fungu la fedha za ofisi yako, hapana. Wala fungu hilo halimlipi mtu kwa kazi za kampeni.

Si kwamba wenzetu wamemaliza kila kitu. Mwaka 2017 lilizuka zogo kubwa kuhusu mafundi wa kompyuta waliokuwa wakihudumia ofisi nyingi za wabunge. Mimi naona kasoro iko hapo: mwenye mabosi sita, nani anamsimamia?

Mjomba wangu alikuwa katibu wa mbunge mkoani Tanga. Ufunguo wa ofisi alikaa nao yeye. Barua za wazazi wanaoomba ada zilipitia kwake, na bahasha ya rambirambi ilipelekwa naye, mara nyingine kwa bodaboda kwenye mvua. Hesabu je? Stakabadhi za mafuta zilikaa kwenye mfuko wa rambo nyuma ya mlango, na ukikaribia muda wa kuzipeleka tuliitwa watoto wa nyumbani tuzipange kwa tarehe sakafuni. Moja niliikuta imefungiwa karanga.

Ndiyo maana nasema kwetu Tanzania ofisi za wabunge wa majimbo matatu yaliyopakana yangeweza kumlipa mhasibu mmoja, kila ofisi na siku zake zilizoandikwa. Katibu asigawanwe. Huyo watu wanamjua kwa sura, na wakimkosa wanasema mbunge katutupa.

Juzi nikampigia mjomba nimweleze. Akanyamaza kidogo.

"Sasa mjomba, misiba ikitokea miwili siku moja, anakwenda wapi?"

"Mhasibu, mjomba. Si katibu."

"Aah. Huyo mgawaneni tu."