Kipenyo Hamsini, Shubiri Mbili

Wakuu, mwenzangu wa ofisi ya walimu ameshaisambaza ile sauti aliyorekodi kuhusu mimi na kipimo cha mti wetu wa paina, na najua mmeisikiliza maana tangu jana naitwa Bwana Misitu. Toleo lake lina uongo mmoja: sikulia. Ilikuwa vumbi la dingdong, ile mashine ya kupasulia mbao. Ni kweli dingdong ilikuwa haijawashwa, lakini tuendelee.

Shamba la paina la familia liko Mufindi. Mwaka jana afisa misitu mmoja aliniazima tepu yake. Nikazungusha mti mmoja wa mfano, mita 1.3 kutoka chini kama wanavyopima wenyewe, nikasoma, nikaandika kwenye gome kwa rangi nyekundu: KIPENYO 14. Mwaka huu nimerudi na tepu ya fundi cherehani. Nikazungusha palepale, nikasoma, nikaandika: KIPENYO 50.

Utaratibu ni uleule, sivyo? Kumbe tepu ya misitu ina pande mbili. Upande mmoja alama zake zimeshagawanywa kwa pai huko huko kiwandani, kila "sentimita" pale ina urefu wa sentimita 3.14 hivi, ili mtu azungushe mti asome kipenyo bila kusumbua kichwa. Tepu ya fundi cherehani haijui pai. Inajua kiuno.

Na kwa wale mlioingia juzi: mimi nafundisha hisabati, darasa la saba.

Basi nikatuma hesabu kwenye grupu la familia. Eneo la duara: mwaka jana 22/7 × 7 × 7 = 154, jibu ambalo wanafunzi wangu wanalijua kabla sijamaliza swali. Mwaka huu 22/7 × 25 × 25 = 1,964. Shina limeongezeka mara 12 na ushee! Baba mdogo, ambaye huwa hajibu ujumbe mpaka ahakikishe si mchango wa harusi, alijibu papo hapo: "Hiyo ni mbao sasa. Naleta mnunuzi."

Akamleta. Fuso, vijana wa chensoo, dingdong inakokotwa nyuma, na mzee mwenye mashine, kofia ya sufu, hana haraka na mtu.

Mzee akasimama mbele ya mti wangu. Akasoma 14. Akasoma 50. Akautazama mti. Akachungulia nyuma yake, pengine ule wa 50 umejificha huko. Kisha akatanua kiganja, akaanza kuuzunguka kwa shubiri. Moja. Mbili. Na vidole vitatu. Mti ukawa umekwisha.

"Mwalimu," akasema kwa upole, na upole ndio ulioniua, "hebu nishikie tepu yako."

Nikashika kwenye sifuri. Yeye akavuta hadi 50, akainyoosha mbele ya shina. Sasa nendeni nami taratibu hapa: mimi kushoto, mzee kulia, tepu imenyooka kati yetu, na paina imesimama katikati ikiwa imejaza theluthi tu. Huku hewa, kule hewa. Kijana mmoja wa chensoo akazunguka nyuma ya mti, akapitisha mkono kwenye uwazi wa upande wangu, akaupunga.

"Shikamoo, mwalimu."

Nikaitikia marahaba. Sijui kwa nini niliitikia. Baba mdogo alikuwa ameanza kukagua mawingu.

"Hii hamsini ni mzunguko," mzee akasema. "Sisi mashineni tunagawa kwa tatu na kidogo."

Tatu na kidogo! Mimi huyu, niliyewachosha watoto wa watu kwa 22/7 miaka yote hii.

Mengine mnayajua: mafuta ya Fuso nimelipa mimi, jogoo wa wageni alikuwa ameshachinjwa, uadmin wa grupu nimevuliwa. Wala hakuna aliyetaka kusikia kwamba mti wenyewe umekua vizuri! 50 ukigawa kwa 22/7 unapata 15.9. Karibu sentimita mbili za kipenyo kwa mwaka, na eneo limetoka 154 hadi kama 199, si haba hata kidogo. Niliyaandika yote kwenye grupu. Tiki za bluu, kimya. Shangazi akatuma emoji ya mti.

Jumatatu naingia darasani, ubaoni kuna swali: "Mwalimu, pai ni 22/7 au 25/7?"

Nilishafungua kinywa kugomba, nikapiga hesabu kwanza. Hamsini kwa kumi na nne ni 25/7. Mti usingekua hata kidogo, mzunguko wake ungekuwa 44, na 44 kwa 14 ndiyo 22/7 yetu. Kwa hiyo kutoka 22 hadi 25 ndio unene wote wa mwaka mzima, na mtoto ameuweka kwenye mstari mmoja wa kejeli.

Hajajitokeza mpaka sasa, wanadhani nataka kumchapa. Simchapi. Nataka mwakani akapime yeye.