Kraus alidumu kwa sababu alijua kukataa

Mwaka 1958 mjini Lisbon, waimbaji wa opera Alfredo Kraus na Maria Callas waliimba pamoja La Traviata ya Verdi. Kraus alikuwa na miaka 30, Callas 34. Miaka saba baadaye Callas aliimba opera yake ya mwisho jukwaani, Tosca, London. Kraus, aliyeanzia Cairo mwaka 1956, alikuwa bado anaimba miaka ya 1990.

Kwa nini sauti ya Callas iliisha mapema, wajuzi bado wanabishana. Ila mwaka 1949, Venice, aliimba Brünnhilde wa mtunzi Wagner, na siku chache tu baadaye Elvira wa mtunzi Bellini: uhusika mzito kabisa, kisha mwepesi wa madoido. Kraus hakubeba hivyo. Tosca aliigusa mwanzoni akaiacha, akabaki na opera za Donizetti na Bellini, Werther ya Massenet na Verdi kidogo. Wapo waliomwona mwoga. Mimi naona ndiyo akili yenyewe ya kazi hii.

Opera huimbwa bila kipaza sauti, na okestra nzima iko katikati yako na watazamaji. Hushindani nayo kwa kelele. Nguvu ya okestra imejaa karibu na mitetemo 500 kwa sekunde; mwimbaji aliyefunzwa hukusanya mng'ao wa sauti yake karibu na 3,000, ambako vyombo vimepungua, ndiyo maana anasikika hadi kiti cha nyuma. Mwenye sauti nyepesi akipewa kazi iliyojaa tarumbeta na tromboni, mng'ao haumtoshi, anaanza kusukuma pumzi. Do ya juu ya tenor, sauti ya tatu kwa wanakwaya wetu, inataka nyuzi za sauti zigongane takriban mara 523 kila sekunde. Zikigongana hivyo huku zimesukumwa, zinavimba. Kinachopotea kwanza ni noti za juu za upole. Kisha vibrato, yaani mtikisiko wa noti inayoshikiliwa, ambayo kawaida hutikisika mara 5 hadi 7 kwa sekunde, inapungua kasi na kutanuka, hadi sauti inayumba kama mlango uliolegea bawaba.

Tatizo ni kwamba nyumba kubwa za opera huajiri miaka kadhaa kabla, kwa hiyo kijana anasaini leo kwa sauti ambayo bado hana. Wakala naye analipwa asilimia ya mkataba; hapana yako haimpi kitu. Kama kijana huyo ni wewe, uliza ukumbi una viti vingapi (Metropolitan ya New York ina karibu 3,800), na kati ya onyesho na onyesho dai angalau siku mbili za kupumzika. Usijipime kwa wimbo mmoja maarufu. Imba uhusika wote kwa piano, mwanzo hadi mwisho, siku moja. Asubuhi yake jaribu noti za juu kwa sauti ndogo kabisa. Zikigoma, au zikitoka na upepo, rudisha mkataba bila saini.