Mgongo Kualika Si Kupona

Video hizo umeziona. Mtu amelala kifudifudi kwenye kitanda cha ngozi nyeusi, mwingine amemwekea viganja kati ya mabega, anamwambia avute pumzi na kuitoa, kisha kwaa! Mgongo unaalika kama vidole vya mtoto mtundu, na mgonjwa anainuka akicheka.

Shemeji yangu, dereva wa matatu, alinitumia tatu kwa siku moja. Alikuwa ameinua mtungi wa maji wa lita 20 kiuno kikakwama. Hospitali ilishamwandikia fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, lakini moyo wake ulikuwa kwa daktari wa kairopraktiki, ile tiba ya kusukuma pingili za mgongo kwa mikono, hapa Nairobi. "Shemeji, nataka mtu anialishe mgongo mara moja yaishe."

Kairopraktiki ilianza mwaka 1895 huko Davenport, Iowa, Marekani. Daniel David Palmer alidai kuwa amemrudishia usikivu Harvey Lillard, mfanyakazi wa usafi, kwa kusukuma pingili ya mgongo. Hapo akajenga nadharia kwamba karibu kila ugonjwa chanzo chake ni pingili iliyohama. Nadharia hiyo haikusimama. Wengi wa wanaofanya kazi hiyo leo wameiacha na kubaki na mgongo na shingo. Wapo bado wanaokuahidi kutibu hata pumu, na hao waage mlangoni. Fiziotherapia nayo ilikulia ndani ya hospitali, ikikomazwa na majeruhi wa Vita vya Kwanza vya Dunia na watoto wa polio.

Lakini tusidhani kwamba dharau ya madaktari dhidi ya kairopraktiki ilikuwa ya kisayansi tu. Mwaka 1987 jaji wa mahakama ya shirikisho mjini Chicago aliamua kuwa chama cha madaktari cha Marekani kilikula njama kinyume cha sheria ili kuisusia fani hiyo. Kulikuwa na ugomvi wa riziki pia.

Na matokeo je? Utafiti ninaoupenda ulichapishwa 1998 katika jarida la New England Journal of Medicine. Watu 321 wenye maumivu ya kiuno waligawanywa: wengine wakapewa fiziotherapia kwa mbinu ya mazoezi ya Robin McKenzie wa New Zealand, wengine kairopraktiki, wengine kijitabu cha maelekezo tu. Makundi mawili ya kwanza yalikaribiana mno, hata kwa gharama: dola 437 na dola 429 kwa miaka miwili. Waliopewa kijitabu walitumia dola 153, na yale makundi mawili yaliwazidi kwa nafuu kidogo sana. Kwa hiyo anayekuapia kwamba fani yake imeiacha mbali nyingine anakuuzia kitu. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani nalo liliweka mazoezi na usukumaji wa pingili miongoni mwa tiba zinazofaa kwa maumivu sugu ya kiuno, likakataa mikanda ya kiuno. Ndiyo, ile ile inayouzwa barabarani.

Ule mlio wenyewe ni gesi iliyomo katika ute wa kiungo, si mfupa kurudi mahali pake. Nafuu inayofuata ni ya kweli, ila mara nyingi ni ya muda. Ninachompa sifa tabibu wa kairopraktiki ni kwamba anakugusa na kukusikiliza. Nimewahi kulala nusu saa katika chumba cha fiziotherapia nikiwa nimebandikwa waya za umeme mgongoni, mtaalamu yuko dirishani na simu yake, pazia limefungwa nusu. Sikufundishwa hata zoezi moja. Nililipa, nikarudi nyumbani na kiuno kile kile.

Shingo ni habari nyingine. Kuisokota kwa nguvu kunaweza, ingawa ni nadra, kupasua ukuta wa mshipa unaopeleka damu kwenye ubongo na kuleta kiharusi. Yangu haiguswi namna hiyo na mtu yeyote, awe na cheti gani.

Tena huku kwetu kuna kifua kikuu cha uti wa mgongo. Maumivu yanayokuja na homa za jioni, jasho la usiku na kukonda hayasukumwi na mtu, yanapimwa. Ukianza kufa ganzi katikati ya mapaja au mkojo ukakushinda, ni hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa mkazi wa Kenya lipo jambo jingine la kawaida kabisa: fiziotherapia ina sheria yake tangu 2014 na baraza linalosajili wataalamu, kwa hiyo unaweza kuuliza namba ya usajili. Masomo ya kairopraktiki barani Afrika yanapatikana Afrika Kusini, kwenye vyuo vikuu mjini Johannesburg na Durban. Muulize tabibu wako alisomea wapi, wala usione haya.

Nilimshauri shemeji aanze na fiziotherapia, kwa sharti kwamba atoke na mazoezi ya kufanya mwenyewe. Alipewa mazoezi matatu. Anayafanya juu ya mkeka alfajiri kabla ya kwenda stendi, na wiki ya nne alirudi kwenye usukani. Bado anataka kualishwa. Nimemwambia aende mara mbili au tatu aone, mradi asiguswe shingo, na asikubali kulipia vipindi 24 kwa mpigo kama alivyotajiwa kwenye simu.