Uadilifu wa mchungaji hauonekani mimbarani
Kuna mwandishi mmoja anayesema kwamba ukitaka kujua uadilifu wa mchungaji, sikiliza mahubiri yake. Hapo sikubaliani naye hata kidogo. Nimekuwa mhazini wa usharika kwa miaka tisa, na tabia ya mtu nimeiona baada ya ibada, pale sadaka inapomwagwa mezani kuhesabiwa. Mchungaji wetu mmoja, mhubiri hodari wa kutoa watu machozi, alizoea kuchukua bahasha za shukrani kabla hazijaandikwa kitabuni, akisema atarudisha Jumatatu. Aliyemfuata hakuwa na sauti wala maneno mengi, ila hakugusa hata noti moja kabla wazee wawili hawajatia sahihi. Tena Paulo mwenyewe, alipokusanya changizo kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu, hakutaka kulibeba peke yake. Katika 2 Wakorintho 8 anaeleza kwamba ndugu aliyechaguliwa na makanisa anasafiri naye, ili mtu asimlaumu, maana anaangalia yaliyo mema mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia. Kama mtume alikubali kusimamiwa, kwa nini mchungaji wa leo akiulizwa hesabu aone wito wake unatiliwa shaka? Kwenu sadaka inahesabiwa na nani, na matumizi yake husomwa mbele ya washarika wote?