Kupisha Uchunguzi Si Kukiri Kosa

Miaka kadhaa iliyopita nilifanya kazi katika halmashauri moja ya wilaya, na ilikuwa Jumatano, saa nne asubuhi, mhasibu wetu alipokabidhiwa barua ya aya mbili iliyomtaka apishe uchunguzi. Alitoa funguo za kasha, vitabu vya stakabadhi na mhuri, akasaini makabidhiano mbele ya mkaguzi wa ndani, akachukua kikombe chake cha chai na kuondoka. Hakuna aliyesema kwamba kwa kuondoka amekiri wizi. Sote tulielewa kwamba vitabu haviwezi kukaguliwa huku mwenye kukaguliwa ndiye anayelala na funguo.

Nalikumbuka jambo hilo kila ninapomsikia kiongozi aliyetajwa katika uchunguzi akisema kwamba hana sababu ya kuachia ngazi kwa kuwa hajatiwa hatiani. Mbele ya hakimu hoja hiyo ni haki yake kamili, nami sitaki anyang'anywe. Lakini wizara si mahakama. Katibu muhtasi aliyechapa barua inayotafutwa, dereva aliyempeleka bosi kwenye kikao kisicho na muhtasari, ofisa manunuzi aliyepokea maelekezo kwa simu, wote bado wanakula kwa kalamu yake, na hao ndio tunaotarajia wamweleze mchunguzi ukweli.

Tunapenda kumtaja Ali Hassan Mwinyi, na anastahili kutajwa. Mwaka 1977, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani wa Tanzania, alijiuzulu kwa sababu ya vifo vya watu waliokuwa mikononi mwa vyombo vya dola mkoani Shinyanga, ingawa si yeye aliyewatesa wala aliyeagiza wateswe. Hakungoja kusukumwa wala hakutafuta mkuu wa polisi wa kumtwika mzigo. Mwaka 1985 alikuwa Rais wa nchi, jambo ambalo wanaoogopa kwamba kujiuzulu ni kujizika kisiasa hawapendi kulikumbuka.

Kuondoka peke yake, hata hivyo, hakutoshi, maana kuna suala la mdomo. Aprili 2008 Andrew Chenge alijiuzulu uwaziri wa miundombinu wakati wachunguzi wa Uingereza, waliokuwa wakifuatilia ununuzi wa rada kutoka kampuni ya BAE, walipobaini kwamba alikuwa na zaidi ya dola milioni 1 katika akaunti kisiwani Jersey. Hakufikishwa mahakamani kwa suala hilo. Wengi hatukumbuki vifungu vya uchunguzi ule. Tunakumbuka kwamba fedha hizo aliziita vijisenti. Viambishi viwili vya udogishaji, tena vya kudunisha, vilitosha kumwonyesha mkulima wa pamba wa Bariadi umbali uliopo kati ya mfuko wake na wa mbunge wake. Anayechunguzwa anaweza kujitetea bila kuwadharau wanaomlipa mshahara, na kama hawezi, basi anyamaze na kumwachia wakili aseme.

Upande wa pili nao una hoja, na sitaupita haraka. Tarehe 7 Februari 2008, siku moja baada ya Kamati Teule iliyoongozwa na Harrison Mwakyembe kuwasilisha bungeni ripoti ya mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond, Edward Lowassa alitangaza kujiuzulu uwaziri mkuu huku akilalamika kwamba kamati haikumwita kumhoji. Ripoti ile ilikuwa na uzito wake, lakini katika hilo naona alikuwa na haki ya kulalamika. Hakushtakiwa mahakamani, nalo jina la Richmond lilimfuata hadi kwenye kampeni za urais za mwaka 2015. Tukimtaka kiongozi apishe, basi mchunguzi anayepishwa naye apite: amhoji, afungue jalada au alifunge, na atoe jibu hadharani. Uchunguzi usio na mwisho humwonea asiye na kosa na kumstarehesha mwenye nalo.

Wakenya wamejaribu kuliondoa jambo hili kwenye hiari ya kiongozi. Julai 2019 Mahakama Kuu ilimzuia Gavana wa Samburu, Moses Lenolkulal, kwenda ofisini wakati kesi yake ya ufisadi ikiendelea, na muda mfupi baadaye Ferdinand Waititu wa Kiambu akawekewa sharti kama hilo. Hao tayari walikuwa na mashtaka, kwa hiyo sharti lenyewe lilichelewa kwa kipimo changu, lakini afadhali lilikuwa la maandishi na halikutegemea aibu ya mtu. Kwetu mtumishi wa kawaida husimamishwa kwa barua. Mwanasiasa tunamsubiri ajisikie vibaya.

Mhasibu wetu alirudi baada ya miezi saba. Upungufu ulionekana kwenye kitabu cha mwenzake wa kituo cha ushuru, naye akakabidhiwa funguo zake mbele ya mkaguzi yuleyule, kwa makabidhiano yenye saini zilezile mbili.